Barua kwa Mjomba anayezima televisheni raundi ya 12

Mjomba, shikamoo.

Najua utaudhika kwamba nakuandikia hadharani, lakini miaka yote hii sijawahi kufika mwisho wa sentensi mbele yako. Nikitaja tu jina la Davey Pearl unainua mkono, unasema "yule refa mwizi, alimnyang'anya Hearns ushindi," na mazungumzo yamekwisha. Leo huna pa kunikatisha.

Pambano lenyewe la ngumi unalijua kuliko mimi. Septemba 16, 1981, uwanja wa nje wa Caesars Palace, Las Vegas. Sugar Ray Leonard ana mkanda wa WBC, Thomas Hearns wako ana wa WBA (mashirika mawili yanayotoa ubingwa wa ngumi), wote uzito wa welter, mwisho ratili 147. Hearns kapigana mara 32 na kushinda zote, 30 kwa KO, yaani mpinzani hakuweza kuendelea. Raundi 15. Hiyo 15 ishike, nitairudia.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuliangalia. Ulinionyesha jinsi Hearns alivyomweka Leonard mbali kwa ule mkono mrefu wa kushoto, anadonoa, anadonoa, raundi tano za mwanzo, na jicho la kushoto la Leonard linazidi kuvimba. Raundi ya 6 na ya 7 ulikuwa unazipitisha ukizungumzia mambo mengine. Naelewa kwa nini. Konde la kushoto la pembeni linamfikia Hearns, miguu inalegea, na Leonard anahamia mbavuni.

Kisha likatokea jambo ambalo ndilo linalonirudisha kwenye pambano hili kila mara: wawili hao walibadilishana kazi. Hearns, mtu wa kuangusha watu, akaanza kuzunguka ulingo, anagusa na kuondoka. Leonard, fundi wa miguu, akawa ndiye anayekimbiza, tena na jicho linalokaribia kufumba. Watu wanamkumbuka Hearns kwa mkono wake wa kulia. Mimi namkumbuka kwa namna alivyocheza ngumi kipindi kile baada ya kunusurika, akiwa na mbavu zinazouma. Ukiniuliza, hakuna aliyewahi kumfundisha Leonard ngumi namna ile.

Na hapo ndipo ulipokuwa unazima. Kengele ya 12 ikilia tu, "umeona? Keshashinda," na kidole kwenye kitufe. Nilikuwa mtu mzima na masharubu yangu nilipoiona raundi ya 13 kwa mara ya kwanza.

Kwenye kona, kabla ya raundi hiyo, mwalimu wake, Angelo Dundee, alikuwa amemfokea Leonard kwamba pambano linamponyoka. Leonard akatoka kama aliyemwagiwa maji. Alimpiga Hearns mfululizo hadi mwili ukapenya katikati ya kamba. Sasa nisikilize: Pearl hakuhesabu. Aliamua kwamba haikuwa kuangushwa, akamwambia ainuke. Baadaye katika raundi hiyohiyo Hearns akaishia tena kwenye kamba, na mara hii ndiyo akahesabiwa, hadi tisa. Mwizi gani huyo, Mjomba, anayeacha mali mezani mara ya kwanza?

Raundi ya 14: mkono wa kulia wa Leonard ukapita juu ya ulinzi, Hearns akarudi kamba, na kutoka hapo hakuna ngumi yake iliyojibu. Dakika 1 na sekunde 45, Pearl akaingia kati na kusimamisha pambano: ushindi kwa Leonard.

"Lakini alikuwa amesimama!" Ndiyo, alikuwa amesimama. Kamba nazo zilikuwa zimemshika. Novemba 13, 1982, kwenye uwanja uleule, bondia Kim Duk-koo wa Korea Kusini alisimama mbele ya mpinzani wake Ray Mancini hadi raundi ya 14 hiyohiyo, akaanguka na kuinuka kwa ujasiri. Alifariki siku chache baadaye. Huwa siwezi kuiangalia mikono ya Pearl akimkumbatia Hearns bila kumfikiria Kim.

Baada ya kifo hicho WBC walitangaza kwamba mapambano ya ubingwa yatakuwa raundi 12, na mashirika mengine yakafuata kadiri miaka ya themanini ilivyosonga. Kwa hiyo wewe ulikuwa mbele ya sheria, ukizima kwenye 12 kabla WBC hawajazima. Kwa kanuni za leo Hearns anaondoka na mikanda yote miwili, na Dundee anapiga kelele bure. Lakini mkataba aliosaini ulisema 15. Na Leonard alikuwa ameshazoea huko mwisho: alimchukulia Wilfred Benitez ubingwa mwaka 1979 zikiwa zimebaki sekunde sita za raundi ya 15, na alikuwa amemaliza 15 nyingine na Roberto Duran. Hearns hakuwahi kuisikia kengele ya raundi ya 14 kabla ya usiku ule. Kumaliza watu mapema nako kuna gharama yake.

Hoja yako ya mwisho ni kadi za alama za majaji, ambako mshindi wa raundi hupata 10 na mwenzake 9 au pungufu. Ni kweli, baada ya raundi 13 majaji wote watatu walikuwa na Hearns: 125-122, 124-122 na 125-121. Nimekaa na kalamu. Tuseme Pearl angemwacha. Hali aliyokuwa nayo, raundi ya 14 anaipoteza 10-8, kisha tumfanyie huruma, ya 15 apoteze 10-9 tu. Jumlisha: 142-142, 141-142, 142-141. Mmoja kwa Hearns, mmoja kwa Leonard, mmoja hajaamua. Sare.

Sasa fungua kumbukumbu za Juni 12, 1989, waliporudiana kwenye uzito wa super-middle, hapohapo Caesars Palace. 113-112 Hearns, 113-112 Leonard, 112-112. Nilipoona zile hesabu zangu zinafanana na zile kadi nilicheka peke yangu kama mwehu.

Hiyo ya 1989, Mjomba, nakuachia. Leonard alienda chini raundi ya 3, akaenda tena ya 11, halafu ikaitwa sare. Leonard mwenyewe alikuja kukiri kwamba Hearns ndiye aliyestahili. Hapo sema wizi, nami nitaitikia.

Nikija, iweke ile ya 1981. Tuanzie raundi ya 13, na rimoti nashika mimi.