Tafuta parokia kabla ya kuvuka bahari

Lowell, Massachusetts

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu, sote wazima. Natumai nanyi Mombasa hamjambo na bibi harusi wetu anaendelea kunawiri.

Barua yako imenifurahisha mno. Kwetu posa haijibiwi mpaka watu wamejua kijana ni wa ukoo gani na mama yake katoka wapi. Mkweo anajua tu kwamba wazee wake ni Waairishi wa Boston, nawe hutaki mjukuu akue na nusu ya nasaba. Ni haki yako. Nami nilipoolewa huku niliuliza swali hilo hilo, na jamaa za mume wangu hawakuwa na jibu, ndipo nikaanza kupekua madaftari.

Waulizeni kwanza wazee walio hai, kisha mshike sensa. Marekani huhesabu watu kila baada ya miaka 10, na majina hufungwa kwa miaka 72, kwa hiyo ya karibuni inayosomeka ni ya 1950. Rudini nyuma kutoka hapo. Mimi naipenda zaidi ya 1900. Inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa na mwaka mtu alioingia nchini, na kila mama aliulizwa kazaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Mama wa nyumba ya wakwe zangu alijibu: wanane, watatu.

Shoga, nililia. Wale watano hawamo katika sensa yoyote. Walizaliwa na kufa kati ya 1880 na 1900, na sensa ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto uliotokea Washington mwaka 1921. Lakini karani wa mji alikuwa na daftari lake la vizazi na vifo, na kanisa lilikuwa na la ubatizo. Humo niliwapata wote, kwa majina yao, na wazazi wao, na maradhi yaliyowachukua. Na ndio walionifungulia njia. Waairishi wengi walikuwa na desturi ya kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Wa kwanza na wa pili wa nyumba ile walikuwa miongoni mwa waliokufa wachanga. Kwa hiyo majina ya wazee waliobaki Ireland nilielekezwa na watoto ambao ukoo ulikuwa umeshawasahau.

Hata hivyo jina pekee halitoshi. Mbele ya mahali pa kuzaliwa karani wa sensa aliandika "Ireland" basi, na kisiwa kile kina vitongoji zaidi ya 60,000. Jina la parokia waliyotoka Ireland, yaani eneo la kanisa moja, litafuteni hukuhuku Marekani: kwenye jiwe la kaburi, daftari la ndoa la kanisa, tanzia, au karatasi za uraia, ingawa zile za kabla ya 1906 mara nyingi hazisemi mengi. Gazeti la The Pilot la Boston lilichapa kuanzia 1831 hadi 1921 matangazo ya watu waliotafuta ndugu zao, na mengi yanataja kaunti na parokia. Tazameni pia majirani na wasimamizi wa ubatizo, kwani watu wa kijiji kimoja walihama kwa kufuatana. Tahajia isiwatishe, karani aliandika alivyosikia, na herufi O mwanzoni mwa jina iliachwa mara nyingi.

Nasisitiza hili kwa sababu ng'ambo, Ireland, sensa za zamani karibu hazipo. Za 1821 hadi 1851 nyingi ziliteketea Dublin, kwenye majengo ya mahakama ya Four Courts zilikohifadhiwa, Juni 1922. Za 1861 na 1871 serikali yenyewe iliziharibu, na za 1881 na 1891 ziligeuzwa rojo la karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Zilizosalimika ni za 1901 na 1911, na kuzisoma ni bure. Waliokimbia njaa ya viazi ya 1845 hadi 1852 hawamo humo. Hao hutafutwa katika orodha ya Griffith ya wapangaji wa ardhi, ya 1847 hadi 1864, na katika madaftari ya Kikatoliki ambayo Maktaba ya Taifa ya Ireland iliyaweka mtandaoni mwaka 2015. Mengi ni ya Kilatini, na yamepangwa kwa parokia.

Unakumbuka Obama alivyokwenda kijiji cha Moneygall, Ireland, mwaka 2011? Sisi tulimjua kwa Kogelo, kumbe upande wa mama yake yumo Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu, aliyeondoka kijiji kile mwaka 1850. Mjukuu wako naye ana kijiji chake.

Basi nipatie jina kamili la bibi mzaa baba wa mkweo kabla hajaolewa, kanisa alilobatizwa, na makaburi waliyozikwa wazee. Muulize pia kama kuna Biblia ya familia au kadi za mazishi. Ukishanitumia, nitakwenda kwa karani wa mji mwenyewe.

Msalimie mama, na umbusu bibi harusi.

Ni mimi shogayo

Mama Rehema