Mpwa wangu, kabla hujaipeleka baiskeli Toscana

Mpwa wangu,

Umeuliza kama miguu iliyokulia kwenye murram ya Uasin Gishu itahangaika kwenye barabara nyeupe, zile za changarawe, za Chianti. Miguu haitahangaika. Gia ndizo zitakazokuangusha, na ninakujibu hadharani kwa sababu wenzako walioko Ulaya wanauliza swali hilohilo na kujiandaa kwa kosa lilelile: wanajipima kwa kilomita.

Chianti, eneo la mkoa wa Toscana nchini Italia kati ya miji ya Firenze na Siena, ni vilima vilivyosongamana bila tambarare katikati. Kilomita 50 tu huweza kuwa na mita 1,000 za kupanda. Tena hupandi mara moja ukamaliza kama unavyotoka bondeni Kerio kwenda Iten. Unapanda nusu kilomita, unashuka, unapanda tena, na mwinuko ni asilimia 10, 12, mahali pengine 15. Le Tolfe, kilima kinachotumika kwenye mashindano ya baiskeli ya Strade Bianche yaliyoanza 2007, kina kilomita 1.1 tu lakini kinagusa asilimia 18, na ni changarawe tupu. Anayekwenda kilomita 22 kwa saa nyumbani apange 14 huku.

Sasa hesabu, maana ndiyo inayoamua. Mwendeshaji wa kilo 70, baiskeli na mzigo kilo 12, akikanyaga kwa wati 200, kwenye mwinuko wa asilimia 15 atakwenda kilomita 5 na nusu kwa saa. Akiwa na gurudumu la cheni la meno 34 mbele na la 28 nyuma, yaani gia za kawaida za baiskeli ya lami, pedali zitazunguka mara 34 kwa dakika. Hapo hukanyagi tena, unasukuma ukuta. Akiwa na 30 mbele na 36 nyuma zinazunguka kama mara 50, na mtu anaweza kubaki amekaa. Kukaa ndiko muhimu: ukisimama juu ya pedali uzito unaondoka kwenye gurudumu la nyuma, tairi linateleza juu ya vijiwe, unasimama ghafla. Na kuanza upya juu ya changarawe kwenye asilimia 15 ni kazi kuliko kupanda kwenyewe. Ikikutokea, elekeza baiskeli ikate barabara mshazari, pedali moja iwe juu, ukae kwanza kisha ukanyage. Kwa hiyo gia yako ndogo kabisa iwe na meno mengi nyuma kuliko mbele. Anayekwambia 34 kwa 28 inatosha huenda anasema kweli, ila muulize ana kilo ngapi.

Tairi: milimita 40. Hata 35 zinapita, lakini utazilipia kwenye miteremko. Tofauti na murram yako, ambayo taabu yake ni vijituta vya mfululizo na mashimo, barabara nyeupe mara nyingi imeshindiliwa ikawa ngumu kama sakafu, halafu juu yake kuna tabaka la vijiwe vilegevu. Ukijaza upepo mwingi tairi linaelea juu ya vijiwe, ukipunguza linashika. Kwa uzito wa kilo 70 na tairi zisizo na tyubu, anza na shinikizo la upepo la psi 30 mbele na 33 nyuma. Kama unatumia tyubu pandisha hadi 38 na 42, kwa sababu jiwe likigonga kwa nguvu linaibana tyubu kwenye rimu na kuacha matundu mawili yanayokaa sambamba. Ukiyaona hayo usitafute mwiba, ongeza upepo. Maji ya kuziba pancha yawe mililita 60 kila tairi, na kama yana miezi mitatu ndani, mimina mapya kabla ya safari, kwani joto huyakausha yakawa vipande vya mpira visivyoziba kitu.

Pancha isiyozibwa na maji hayo ni mchaniko wa ubavuni. Mawe ya Chianti, hasa yale wanayoyaita galestro, humeguka kwa vipande vyembamba vyenye makali. Beba kipande cha tairi kuukuu chenye urefu wa kidole, ukiweke ndani nyuma ya mchaniko, kisha tyubu juu yake. Kwa hiyo tyubu mbili ni lazima hata kama tairi zako hazitumii tyubu. Ongeza viraka na solusheni, vitoa tairi viwili, pampu ya mkono, kiungo cha cheni, na kile kijichuma kinachoshika derela ya nyuma, yaani kifaa kinachohamisha cheni kati ya gia, kwenye fremu. Hicho hupinda kwa urahisi ndani ya ndege au treni, na kila fremu ina cha kwake. Hutakipata dukani kijijini. Ukifika, kabla ya kutoka, weka gia nyepesi kabisa, zungusha pedali kwa mkono, utazame kama derela inakaribia spoku. Ikikaribia usipande kilima. Ikiingia kwenye spoku itavunja zote mbili.

Kwenye mteremko tazama barabara kabla ya kuitazama mandhari. Magurudumu ya magari yamechora mistari miwili iliyosafishwa, pita humo. Vijiwe hurundikana katikati na ukingo wa nje wa kona. Funga breki ungali umenyooka, achia unapoingia konani, maana tairi haliwezi kukata kona na kusimama kwa wakati mmoja. Breki ya mbele itumie, lakini kwa vidole viwili na polepole.

Vumbi lake ni jeupe, laini mno, na likikutana na oili nzito kwenye cheni hugeuka msasa. Tumia oili nyepesi ya hali kavu, tone moja kila kiungo jioni, subiri, kisha futa yote inayoonekana kwa nje.

Mvua nayo ina somo lake. Katika Chianti yenyewe ardhi ni mawe ya chokaa na galestro, maji hupita, na saa chache baada ya mvua unaweza kuendelea. Ukivuka kusini-mashariki ya Siena kuelekea Asciano unaingia Crete Senesi, udongo wa mfinyanzi uliokuwa sakafu ya bahari ya kale. Barabara zake zikiwa kavu ni nzuri ajabu; Monte Sante Marie, kilomita 11.5 za changarawe, sijui kama ipo njia iliyo nzuri zaidi Italia. Zikilowa, udongo unajaza nafasi kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linakataa kuzunguka, na pedi za breki zinalika kwa siku moja. Mvua ikikukuta huko, chukua lami. Pedi za akiba uwe nazo hata kama anga ni safi. Huko Crete utakutana pia na mbwa wakubwa weupe wanaolinda kondoo wa maziwa ya jibini. Usishindane nao mbio. Shuka, baiskeli iwe kati yako na wao, tembea taratibu mpaka ulipite kundi.

Njia huna haja ya kuibuni. Giancarlo Brocci alianzisha L'Eroica, tukio la baiskeli za zamani, mwaka 1997 pale Gaiole in Chianti, akitaka barabara hizi zisifunikwe lami, na njia yake ya kilomita 209 ina vibao vya kudumu mwaka mzima. Igawe siku tatu au nne. Tukio lenyewe hufanyika Jumapili ya kwanza ya Oktoba, kwa baiskeli za kabla ya 1987. Usiende wiki hiyo bila kuandikishwa, hutapata kitanda. Toka Gaiole kuelekea Brolio asubuhi mapema, kwenye mwinuko mweupe unaopita kati ya misipresi hadi ngome ya ukoo wa Ricasoli. Bettino Ricasoli, aliyekuwa waziri mkuu wa pili wa Italia, ndiye aliyeandika mwaka 1872 mchanganyiko wa zabibu za mvinyo wa Chianti, Sangiovese ikiwa ndiyo kuu, nayo ndiyo utakayoiona kulia na kushoto siku nzima.

Septemba ni mwezi mzuri ila ni wa mavuno. Trela za zabibu huchukua upana wote wa njia. Simama pembeni, wapishe. Vijia vinavyopenya katikati ya safu za mizabibu mara nyingi ni mali ya mtu, na kibao cha "proprietà privata" kinamaanisha geuka, hata kama simu yako inasisitiza kuna njia. Kuchuma shada moja ni wizi kama kuchuma majani ya chai ya watu Kericho.

Vijiji vya enzi za kati utavilipia kwa jasho. Radda, Castellina, Volpaia, Monteriggioni yenye ukuta wa duara na minara 14 uliojengwa na Siena kuanzia miaka ya 1210 dhidi ya Firenze: vyote viko juu, maana adui alitakiwa aonekane mapema. Gaiole yenyewe iko bondeni kwa kuwa ilikuwa soko. Kwa hiyo kila chakula na kila kitanda kina kilima mwishoni, bakiza nguvu. Maduka mengi hufungwa mchana, tangu saa saba hadi saa kumi hivi, basi nunua kabla. Chupa mbili za mililita 750 zijaze kwenye mabomba ya kijijini, ila palipoandikwa "non potabile" usinywe.

Mkate wa Toscana hauna chumvi kabisa, na wewe unatoka jasho, kwa hiyo ule na jibini la pecorino au zeituni. Nguruwe yumo katika vyakula vingi, hata kwenye mchuzi wa tambi. Sema "senza maiale", au agiza pici all'aglione, tambi nene za nyanya na kitunguu saumu. Kama unakunywa mvinyo, kunywa baada ya kufunga baiskeli: sheria ya Italia inamhesabu mwendesha baiskeli kama dereva, na kikomo cha gramu 0.5 kwa lita ya damu kinamhusu.

Kufika panda treni ya mkoa kutoka Firenze hadi Siena kupitia Empoli. Inapokea baiskeli kwa tiketi ya ziada. Stesheni ya Siena iko chini ya mji, na kupanda kutaanza hapo hapo.

Hesabu meno ya sproketi (gurudumu la cheni) yako ndogo ya mbele na ile kubwa ya nyuma, unitumie namba hizo mbili kabla hujanunua tiketi.

Mjomba wako