Vyuo vya ufundi Mwanza vijenge ndege ya mianzi

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wasomaji, hasa walimu wa ufundi, habari za ndege ndogo iitwayo Demoiselle. Aliibuni Mbrazili Alberto Santos-Dumont akiishi Paris, na ya kwanza iliruka mwaka 1907. Toleo la 1909 lilikuwa na mwili wa mianzi mitatu na mabawa ya hariri yasiyofika mita 6 kutoka ncha hadi ncha.

Mimi ni fundi mitumbwi hapa Kirumba, na mianzi naijua: ukiitoboa ovyo, inapasuka urefu wote. Santos-Dumont aliiunga kwa viungo vya metali, hata ndege ikaweza kufunguliwa na kubebwa vipande vipande. Rubani aliketi chini ya bawa, injini ikiwa juu ya kichwa chake. Mgongoni mwa koti lake palishikizwa fimbo iliyoungwa na waya za bawa. Akiegemea upande, waya zinapinda bawa na ndege inakaa sawa. Ufundi wa namna hiyo unanisisimua sana!

Wala hakuficha siri. Hakutaka hataza, yaani haki ya kuzuia wengine wasiige uvumbuzi wake, na mwaka 1910 jarida moja la Marekani likachapisha michoro yake, kila mwenye mikono ajaribu.

Kwa nini basi vijana wetu wafundishwe ndege kwa picha za ubaoni tu? Vyuo vya ufundi vya Mwanza vijenge moja ya maonyesho, isiyorushwa, iwekwe Nyamhongolo wakati wa Nanenane. Mianzi nitatoa mimi, na kuifunga nitaifunga bila malipo.

Fundi mitumbwi,
Kirumba, Mwanza