Binamu, ukifika Ngorongoro ukakuta ukungu usirudi kwenye gari

Binamu,

Meseji yako nimeiona na voisi nimeisikiliza yote, pamoja na kelele za konda wa daladala. Nakujibu hapa hadharani maana najua hauko peke yako, kuna watu kibao siku hizi wananunua kamera alafu cha kwanza wanachotaka ni ile picha ndefu ya mandhari, panorama, inayotokana na picha kadhaa (fremu) zinazoungwa na programu ya kompyuta, na wote wanataka kuanzia palepale unapotaka kuanzia we, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Na we safari yako umeipata mwezi wa saba. Hongera, na pole pia.

Hongera kwa sababu pale ndo penyewe. Kreta ina upana wa kilomita 16 mpaka 19 hivi, chini unashuka kama mita 600, na hakuna lenzi ya kawaida itakayobeba yote kwa mpigo mmoja bila kuharibu kitu. Ukitumia lenzi pana sana ukuta wa ng'ambo unakuwa kamstari tu na Ziwa Magadi lililo mle ndani ya kreta hulioni. Pole kwa sababu ukingo wenyewe uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za msimu wa baridi mara nyingi unakuwa umemezwa na wingu. Yani ni wingu kabisa bana. Upepo wa mashariki unakuja na unyevu wake kutoka Bahari ya Hindi, unakutana na ile milima, unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, na ndo ule weupe unaokupokea ukishapita geti la kuingilia hifadhi, Lodoare, hujamaliza hata kuvaa sweta. Msitu wote ule wa upande huo unaishi kwa hilo wingu, maana ukivuka kwenda upande wa Olduvai nchi ni kavu kabisa.

Watu wengi wanashuka pale Heroes Point, kituo cha kutazamia kreta ukingoni, wanakuta nyeupe tupu, wanapiga selfi mbili tatu, wanapanda gari. We usipande. Ila ongea na dereva mapema, usiku wa kuamkia siku hiyo, pale mjini Karatu mkiwa mnakula, mwambie pale ukingoni utahitaji muda, kwa sababu ukimwambia palepale na abiria wenzako washaanza kuulizia faru, aisee, utachukiwa gari zima.

Sasa sikiliza. Lile wingu huwa linafunguka, alafu linafunga tena, mi nililisubiri mpaka vidole vikafa ganzi na lilipofunguka nilipata muda wa kama kuvuta pumzi chache, nikaona chini kote kumewaka jua wakati sisi juu tunatetemeka. Kwa hiyo kazi yote inafanyika kabla halijafunguka, ukiwa huoni kitu. Ukianza kutafuta vitufe wakati bonde limejitokeza ushachelewa.

Kamera iweke wima, hata kama picha ni ya kulala, maana utakuja kukata juu na chini na unahitaji nyama ya ziada. Kidude cha juu kizungushe mpaka M, yani mwanga unapanga mwenyewe, kwa sababu ukiacha oto kila fremu itakuja na mwanga wake na mbingu yako itakuwa na viraka. Anzia f/8 (hiyo ni namba ya tundu la lenzi), na ujue kwamba kamera ikiona weupe wote ule inaogopa na kuufanya kijivu, ongeza stopu moja, yani mwanga mara mbili. Ukishaona bonde piga moja ya kujaribu, rekebisha haraka, alafu usiguse tena. Ile WB, inayopanga rangi ya mwanga, nayo itoe kwenye oto, iweke kwenye alama ya wingu. Fokasi ndo inasumbua watu zaidi, kwenye ukungu lenzi inaenda mbele inarudi nyuma haioni pa kushika, kwa hiyo ukipata upenyo wowote shika kitu cha mbali, alafu zima fokasi ya oto moja kwa moja. Lenzi uliyonunua na kamera, ile 18-55, iweke kwenye 35 na usicheze na zumu. Hapo fremu nane au tisa zinatosha kuzunguka bonde zima, kila moja ikilala juu ya mwenzake kwa theluthi.

Stendi ifungue miguu chini iwe fupi, kwa sababu upepo wa pale hauna adabu, na hakikisha iko sawa kabla hujazungusha la sivyo upeo wa macho utapinda kama ndizi. Vichaka vya karibu viepuke, kamera ikizunguka vinahama mahali na programu haitajua iviweke wapi. Lenzi iangalie chini muda wote unaosubiri, na kitambaa kikavu kiwe mfukoni, kwa sababu matone yale madogo huyaoni kwenye kioo cha kamera, unayaona usiku kwenye kompyuta. Na mawingu yakitoka kulia we anzia kushoto uende kulia, uyapokee. Ukizungusha kwa kuyafuata, wingu moja linakuja kutokea mara mbili kwenye picha moja.

Kuna jambo moja ambalo sijaona mtu akiliongelea. Programu ya kuunganisha, mi natumia Hugin kwa sababu ni ya bure, inaunga fremu kwa kutafuta alama zinazofanana kwenye zile sehemu zinazolaliana: mti, mkunjo wa mlima, ukingo wa ziwa. Ukungu mtupu hauna alama. Fremu mbili nyeupe kabisa hata ungekuwa na kamera ya bei gani haziungiki. Kwa hiyo usisubiri ukungu uondoke wote, subiri tu kila kipande kiwe na kitu cha kushika, hata kama ni kivuli cha msitu wa Lerai kule chini au mstari hafifu wa ukuta wa ng'ambo. Pale programu inaposhindwa unaweza kuweka alama mwenyewe kwa mkono, inachosha lakini inakubali. Na kwa maoni yangu picha yenye nusu wingu nusu jua inaishinda ile ya mchana kweupe ambayo kila mtu anayo. Ile ya mchana ipo kwenye kila kalenda.

Ukimaliza mzunguko wa kwanza rudia hapohapo, usikae kuangalia kama imetoka. Na kamera iliyopoa usiingie nayo kwenye gari lenye joto na pumzi za watu saba ikiwa wazi, ifungie kwenye begi kwanza, la sivyo lenzi itapata jasho na mkishuka chini kwa simba utakuwa unapangusa tu.

Kamera yako ni megapikseli 24, fremu nane za wima zikiungwa unapata kitu cha kama pikseli 22,000 kwa 5,000 ukishakata kingo. Ukichapisha vizuri inakuja karibu mita 1.8 kwa sentimita 40 na kidogo. Shangazi ashaniuliza lini anapata ya sebuleni kwake, kwa hiyo kabla hujaondoka pima ule ukuta wa juu ya kochi, nahisi swichi ya taa itaangukia katikati ya ziwa.