Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga: droni ikitua Ukerewe, inatua kwenye ardhi ya nani?

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Pole na majukumu. Nakuandikia kutoka Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, visiwani ndani ya Ziwa Victoria, nikiwa mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo kimoja cha afya. Kazi zetu wanakamati ni hizi ndogondogo: kushuhudia dawa zikipokelewa, kuhesabu maboksi, kusaini, kuuliza mafuta ya jenereta yamekwenda wapi. Ukizifanya kwa muda unajua kwamba dawa kufika ni jambo moja na dawa kupokelewa ni jambo jingine. Ndiyo maana barua hii, ingawa inakwenda kwa mtu wa anga, imejaa habari za ardhi.

Agosti 2017 Serikali na kampuni ya Zipline walitangaza mpango wa kusambaza dawa na damu kwa ndege zisizo na rubani: vituo vinne, droni zaidi ya 100, kuanzia Dodoma mwanzoni mwa 2018. Hazikuruka. Mwaka 2018 ikaja zamu yetu. DHL, shirika la GIZ la Ujerumani na watengenezaji wa droni wa Wingcopter walifanya majaribio ya miezi sita ya kuleta dawa Ukerewe. Kwa barabara kutoka Mwanza, kwa kuzunguka Bunda hadi Kisorya na kuvuka na kivuko, safari ni kama kilomita 240 na saa sita. Droni ilikata ziwa kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, ikiwa na uwezo wa kubeba kilo nne. Kilo nne ni chupa kadhaa za damu, au dawa ya sumu ya nyoka ya kutosha watu wachache, au chanjo zilizofungwa na barafu yake. Majaribio yakaisha, matokeo yakatangazwa Oktoba, na wageni wakaondoka na vifaa vyao. Siwalaumu. Walisema tangu mwanzo kuwa ni majaribio.

Wiki chache kabla ya matokeo hayo kutangazwa, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Sitasema mengi juu ya siku hiyo. Naitaja kwa sababu kila kikao cha wataalamu kinaanza kwa kutueleza sisi faida za kupita juu ya maji.

Sasa kanuni. Kanuni za ndege zisizo na rubani mlizotunga mwaka 2018 nimejitahidi kuzielewa kama raia wa kawaida. Uzito wake uko kwenye chombo na anayekirusha: usajili, vibali, urefu wa kupaa, umbali wa kukaa na viwanja vya ndege, na idhini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Hayo yote ni ya lazima, na Mwanza ni ya lazima zaidi, maana uwanja wetu wa ndege uko Ilemela, ukingoni kabisa mwa ziwa, na droni inayotoka bohari kuja huku inapita jirani na njia za ndege zenye abiria. Hapo sina ugomvi na Mamlaka. Shida yangu inaanzia droni inapokaribia ardhi.

Mashine hizi hazitui kwa namna moja. Ya Zipline, kama wanavyoiona wenzetu wa Rwanda tangu Oktoba 2016 kuanzia kituo cha Muhanga, haitui hospitalini kabisa: inapita chini, inaachia boksi lenye parachuti ya karatasi, inarudi zake. Inahitaji uwazi tu, na mtu wa kuokota. Nyingine zinasimama hewani na kushusha mzigo kwa kamba. Ile ya Wingcopter ilikuja imelala kama ndege ya kawaida, ikakaribia, ikageuza rota zake kutazama juu, ikashuka wima mpaka chini. Chombo cha namna hiyo kinataka kipande cha ardhi kilichosawazishwa, kisicho na waya wa umeme karibu wala kamba ya kuanikia nguo, kilichozungushiwa uzio ili mbuzi na watoto wasiingie. Na watoto wataingia, Mkurugenzi. Droni ikisikika, darasa zima linatoka mbio kuelekea inakoshukia. Kanuni inayoridhika na uwezo wa rubani aliyeko Mwanza haijamfikia mlinzi wa zamu pale chini, ambaye ndiye pekee anayeweza kumvuta mtoto pembeni.

Kipande hicho cha ardhi ni cha nani? Hilo ndilo swali langu, na mengine yote yanaweza kusubiri.

Mfano wetu tunao, tena wa miaka mingi: mwalo. Mtumbwi ukitoka Musoma, Sengerema au Kome, ukifika kwenye mwalo unashusha samaki. Mwenye mtumbwi hamiliki mwalo. Kuna kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kuna ushuru unaojulikana, kuna mtu wa kuuliza usalama na usafi, na mvuvi mmoja akifilisika mwalo unabaki palepale ukipokea wengine. Naomba mahali pa kutua droni pawe na hadhi hiyohiyo: paandikwe kwa jina la halmashauri au la kijiji, paingie kwenye daftari la wazi la Mamlaka, na kila mwenye cheti chenu aruhusiwe kutua kwa ada inayojulikana. Tukimwachia kila mfadhili ajenge chake, mkataba wake ukiisha tutabaki na zege lenye kufuli ambalo ufunguo wake uko Ulaya. Kampuni ya pili ikija, itaanza upya kutafuta kiwanja, upya kupima, upya kuomba.

Najua jibu la haraka: ardhi si kazi ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kweli. Lakini kibali ni kazi yenu, na kibali kinaweza kuwekewa sharti. Visiwani kwetu sehemu kubwa ni ardhi ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeshaweka utaratibu wa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu. Dai muhtasari wa mkutano mkuu, wenye mihuri, kabla hujatoa ruhusa ya njia ya kudumu ya kuja kijijini. Wawekezaji watanung'unika kwamba inachelewesha. Mkutano mkuu wa kijiji unaitishwa kwa tangazo na unamalizika siku hiyohiyo. Urasimu unaochelewesha watu uko ofisi za mjini, na huko ndiko ningependa muda wa kujibu maombi uandikwe kwenye kanuni, wa kwenu na wa Ulinzi, badala ya mwombaji kubeba faili kutoka mlango hadi mlango.

Kuhusu kelele, wengine wataniona nadeka. Nakubali kwamba kwa mama anayesubiri damu mlio wa rota si kero. Ila dawa zikishazoeleka, zitafuata simu na vifurushi vya madukani, na hapo ndipo hesabu inabadilika. College Station, Texas, mwaka 2024 meya wa mji aliiandikia mamlaka ya anga ya Marekani kupinga mpango wa Amazon wa kuongeza safari kutoka 200 kwa siku hadi 469, baada ya wakazi kuchoshwa na mlio. Mji ulishatoa ruhusa mwanzoni. Ugomvi ulizuka kwenye idadi. Kwa hiyo kibali cha kubeba damu na dawa kisigeuke kimyakimya kuwa kibali cha kubeba kila kitu. Mzigo ukibadilika au safari zikiongezeka sana, kijiji kiulizwe tena.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona mtaalamu akiligusa, labda kwa sababu hawakai nasi. Watu wa huku wanaoga ziwani, wanawake upande wao na wanaume upande wao, asubuhi na jioni. Droni inayofuata ukingo wa maji ikiwa na kamera inapita juu ya watu walio uchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Njia zipangwe zipite juu ya maji ya wazi na kuingia nchi kavu pale tu inapobidi, na kamera ya kuongozea isihifadhi picha. Rubani hatapoteza zaidi ya dakika mbili.

Sipingi droni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kwenye jarida la Lancet Global Health ulionyesha kwamba Rwanda, ndani ya mwaka mmoja, damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67 katika vituo vilivyohudumiwa na droni. Ng'ambo ya ziwa hilihili, Kenya walipitisha kanuni zao mwaka 2020, na leo droni zinarushwa kutoka Chemelil, Kaunti ya Kisumu. Sisi tulioonyesha kwamba ziwa linavukika kwa dakika 40 bado tunapeleka sampuli hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa boti, ndani ya boksi la barafu lililowekwa mapajani mwa muuguzi.

Ombi la mwisho ni la utaratibu. Mkianza kuzipitia kanuni hizi, msiitishe maoni ya wadau kwenye hoteli ya Dar es Salaam peke yake. Leteni rasimu Nansio, na mfike pia Bwisya, Ukara, ambako kuna kituo cha afya na kivuko cha kuwafikisha. Ije kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria yenyewe imeshaagiza hivyo. Waiteni wenyeviti wa vijiji, wauguzi, viongozi wa mialo na mtu mmoja wa TANESCO, shirika la umeme, maana waya zake ndizo zitakazoamua wapi panafaa kutua kuliko ramani yoyote. Sisi wa kamati tutakuja na orodha ya viwanja tunavyodhani vinafaa, na majina ya waliokubali kuvitoa.

Wako mtiifu,

Mjumbe wa kamati ya kituo cha afya,
Nansio, Ukerewe