Vipepeo hawa tusiwatambue kwa mkia peke yake

Mhariri, salamu kutoka Entebbe. Juzi nimeona bango darasani kwa binti yangu limeandikwa ati vipepeo wa familia ya Papilionidae wote wana mikia kama mbayuwayu, yani imeniuma kweli, maana kwenye mlimau wangu hapa nyumbani wapo wale Papilio demodocus, weusi wenye madoa ya manjano, mkia hawana kabisa na ni wa familia hiyohiyo. Alama ya ukoo muitafute kwa kiwavi. Akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, akikua anakuwa kijani, sasa mguse kidogo tu na kijiti uone, nyuma ya kichwa kinachomoza kipembe laini chenye panda mbili na harufu kali, binti yangu aliruka nyuma akaziba pua! Kipembe hicho ndo cha familia nzima.

Halafu kuna Papilio dardanus wa misituni kwetu. Dume ni njano iliyopauka na mkia anao, jike huku mara nyingi hana mkia na anaiga rangi za vipepeo wengine wenye sumu, ndo maana wataalamu wa zamani waliwapa majina tofauti mpaka mtaalamu wa wadudu Roland Trimen akaonyesha mwaka 1869 kwamba ni jike na dume wa aina moja.

Naomba gazeti lichape picha zao wawili pamoja, watoto wakate wabandike darasani.

Mzazi, Entebbe