Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tulivyoufuata Mto Ruvuma

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristu. Nawashukuru nyote mliofika, hasa wenzetu wa Lindi na Nachingwea walioamka usiku ili wakiwahi kikao hiki hapa Mtwara.

Mambo ya kawaida ya chama chetu cha safari za magari nitayapitia haraka. Mapato na matumizi atayasoma mhazini, na mwenye swali la fedha amuulize hapa hapa mbele ya wote. Ada bado inasuasua, na wanaochelewa wanajijua. Mafunzo ya kuendesha gari kwenye mchanga yalifanyika Msimbati, na safari hii kamati ilikataa kabisa yasifanyike ufukweni. Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kasa hutaga mayai kwenye mchanga ule ule ambao baadhi yetu tulikuwa tunauona kama uwanja wa kuchezea gari. Tulitumia njia za mchanga za ndani, kati ya minazi. Waliohudhuria walijifunza kupunguza upepo wa matairi kabla ya kukwama badala ya baada ya kukwama, na faida yake tuliiona safarini.

Sasa niingie kwenye safari yenyewe, kwa maana ndiyo kazi kubwa tuliyoifanya mwaka huu.

Wengi wetu tumekua tukiusikia Ruvuma tangu utotoni. Tumeuona Kilambo, tumeona kivuko, tukarudi zetu mjini. Lakini mto huu una urefu wa kilomita 800 hivi. Unaanzia kwenye milima ya Matogoro karibu na Songea, unashuka kusini, kisha unaelekea mashariki ukiwa ndio mpaka wetu na Msumbiji, hadi unapoingia baharini hapa kwetu. Sisi tunakaa mdomoni pake na sehemu zake za kati hatuzijui. Mkutano uliopita ndio ulioagiza kwamba tuupande kuanzia maingilio yake hadi mwisho wa mkoa wetu upande wa Tunduru, tukilala njiani kwenye mahema.

Msimu tuliuchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mvua. Kati ya Desemba na Aprili bonde hujaa maji, udongo mweusi wa mbuga hugeuka tope linalomeza gari hadi bodi, na makorongo hayavukiki hata kwa foo-wili. Ya pili ni korosho. Ikifika Oktoba hakuna mwanachama wa chama hiki atakayeacha shamba na mnada akalale hemani, wala kamati isingethubutu kumwomba. Kwa hiyo tuliondoka Agosti, mto ukiwa umepungua na njia zimekauka.

Ruvuma wa kiangazi ni mto wa mchanga. Mikondo inahama, visiwa vya mchanga vinazuka mahali ambapo mwaka jana palikuwa na kina, na ukiutazama kutoka ukingoni unaweza kudhani umekufa. Mwaka 1861 David Livingstone aliingia mto huu kwa meli ya Pioneer, akalazimika kugeuza kwa sababu maji yalikuwa yanapungua. Mwaka 1866 aliposhukia Mikindani alipita nchi kavu. Nasi tulipita nchi kavu, na bado mchanga ulitufundisha adabu.

Sehemu ya chini, kutoka Msimbati kupitia Kilambo hadi Kitaya, ndiyo tuliyodhani tunaifahamu. Mikoko inaisha, minazi inapungua, kisha bonde linafunguka na mashamba ya mpunga yanatandaa hadi ukingoni mwa maji. Barabara hapo haina taabu. Jambo nililotaka wanachama walizingatie ni jinsi ya kuingia kijijini. Huu ni mto wa mpaka. Tangu 2017 ng'ambo kule Cabo Delgado kuna vita, na Oktoba 2020 vita hivyo vilivuka vikaifika Kitaya yenyewe. Watu wameuawa pale na nyumba zimechomwa moto. Msafara wa magari yenye mizigo juu, ukiingia jioni bila taarifa, unawatia watu hofu ambayo sisi tuliolala salama Mtwara mjini hatuna haki ya kuwatia. Kwa sababu hiyo katibu alitangulia kwa kila kijiji, akabeba barua, akaonana na mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, na orodha ya majina na namba za magari ikabaki ofisini. Tuliambiwa pa kulala, na pale tulipoambiwa tusilale hatukulala. Hakuna aliyevuka maji, hakuna aliyepiga picha za vituo vya ulinzi. Najua wako walioona urasimu umezidi. Mimi naona huo ndio msingi wa safari nzima, na naomba usilegezwe mwaka ujao.

Kutoka bondeni tulipanda uwanda wa Makonde kupitia Tandahimba hadi Newala. Gari zinapanda, hewa inapoa, na kila upande ni mikorosho. Mto unaupoteza kabisa, mpaka ufike Newala kwenye ukingo wa ile miteremko mikali, pale Shimo la Mungu, ndipo unauona tena mbali chini ukiwa uzi mweupe. Tulisimama pale muda mrefu. Mmoja wa wenyeji wetu, mama wa makamo, alitueleza kwamba bibi zake walikuwa wakishuka huko chini na mitungi na kupanda nayo kichwani. Uwanda ule ni wa kichanga, mvua ikinyesha maji yanazama moja kwa moja na kutokea kwenye chemchemi chini ya miteremko, ndiyo maana juu hakuna mto wala kijito. Mradi wa maji wa Makonde, unaosukuma maji kutoka bonde la Mitema, ndio uliowapunguzia akina mama ile safari, ingawa hata leo mgao ukikatika ndoo hupangwa foleni. Nayasema haya kwa sababu tulipiga kambi Newala na baadhi ya wanachama waliuliza kwa nini kamati imezuia kuosha magari. Jibu ni hilo. Maji ya kuoga, kupika na kujaza rediata tulikuja nayo kwenye madumu kutoka chini, na kwenye nyanda hizi itakuwa hivyo daima.

Baada ya Newala nchi inabadilika ghafla. Unashuka kuelekea Masasi, na yale majabali ya mawe yanasimama peke yake katikati ya tambarare. Tulipita Lupaso, kijijini kwa marehemu Rais Benjamin Mkapa, alikozaliwa na alikozikwa Julai 2020, tukasimama kutoa heshima. Masasi ndiko tulikojaza dizeli, na ndiko ilikofanyiwa matengenezo springi ya gari moja iliyokatika kwenye korongo. Fundi tuliyempata chini ya mwembe hakuwa na springi ya aina ile. Alichukua jani la springi ya lori, akalikata kwa kulipima na lile lililovunjika, akalitoboa, akalifunga, na gari likafika mwisho wa safari na kurudi Lindi kwa jani hilo hilo. Nawaomba wenye magari mapya yanayotegemea kompyuta walifikirie hilo kabla ya kununua.

Nanyumbu ndipo safari ilipokuwa safari. Kutoka Mangaka kwenda kusini ni miombo, majani yamekauka, mbung'o wanaingia gari likipunguza mwendo, na vumbi jekundu linaingia hata kwenye unga. Mtambaswala tuliuona tena mto, safari hii tukiwa juu ya Daraja la Umoja. Mwalimu Nyerere na Samora Machel walilifikiria daraja hilo mwaka 1975. Lilifunguliwa tarehe 12 Mei 2010 na Rais Kikwete na Rais Guebuza, na urefu wake ni mita 720. Upande wa pili ni Negomano, ambapo Lugenda, tawi kubwa la Ruvuma kutoka Msumbiji, unaungana nao. Hapo hapo, Novemba 1917, jeshi la Wajerumani la Paul von Lettow-Vorbeck lilivuka mto likawashambulia Wareno. Waliobeba mizigo ya vita vile ni babu zetu wa kusini, na hawakuandikiwa majina. Vijana wetu hawakuwa wanalijua hilo. Jioni ile moto ulipowashwa waliuliza maswali mengi, na wazee wawili wa kijiji waliokaribishwa chakula ndio waliowajibu. Kwangu mimi jioni hiyo ilitosha kuhalalisha gharama yote.

Mwisho wa njia ulikuwa pori la akiba la Lukwika-Lumesule, kwa kibali cha TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na askari wa wanyamapori aliyelala nasi. Huko mto ni mpana, una vichaka pande zote, na tembo huvuka kati yetu na Msumbiji bila kuulizwa hati. Askari alitupangia kambi mbali na maji, kwenye mwinuko, na wapo walionung'unika kwamba tumekuja kufuata mto halafu tunalala bila kuuona. Akawapeleka ukingoni akawaonyesha njia iliyokanyagwa ikawa laini, pana kiasi cha bega la kiboko. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, hurudi kwa njia ile ile, na hema lililosimama katikati ya njia yake halimgeuzi. Mamba naye hukaa pale pale watu wanapozoea kuchota maji. Wale wasiojua walielewa, na usiku tuliwasikia viboko wakikoroma kutoka mahali salama.

Mambo mawili yaliniudhi, na nitayasema kwa kuwa mkutano ndio mahali pake.

La kwanza ni shamba la mbaazi. Karibu na kijiji kimoja magari mawili yaliiacha njia yakakata kona ndani ya shamba la mtu, mbaazi zikiwa zimebakiza siku chache zivunwe. Madereva walimlipa mwenye shamba mbele ya uongozi wa kijiji, na kiasi alichotaja hakikupunguzwa. Lakini malipo hayatoshi. Yule mzee alituambia kwamba angetupitisha yeye mwenyewe kama tungeuliza. Kamati inapendekeza kuwa dereva atakayeingia shambani bila ruhusa arudishwe nyumbani siku hiyo hiyo, na asishiriki safari inayofuata.

La pili ni moto. Agosti ile nyasi ni kavu kama karatasi, na moto mmoja ukiingia kwenye mikorosho unakula miti ambayo mtu aliipanda alipooa na ameitegemea kusomesha wajukuu. Kwenye kambi moja tuliondoka asubuhi na gari la mwisho likakuta majivu bado yana makaa chini. Hakuna kilichoungua. Hata hivyo, kuanzia sasa moto utawashwa mahali pamoja tu kwa kambi nzima, kwenye mchanga mtupu, utazimwa kwa maji, na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina atatia mkono kwenye majivu kabla msafara haujaondoka. Na kambi isipigwe chini ya mikorosho wakati wa kupuliza salfa, ile dawa ya ukungu wa mikorosho, kwa sababu mkulima hawezi kuacha kupuliza eti tumelala.

Naomba pia mkutano uamue kuhusu ukubwa wa msafara. Mwaka huu tulikuwa wengi kupita kiasi. Gari la mbele lilikuwa likifika na kupumzika saa nzima wakati la nyuma bado linakula vumbi, na vijiji vidogo vilielemewa na wageni. Maoni yangu ni kwamba tuwe na makundi mawili yanayoachana siku moja, kila kundi likiwa na fundi wake, kompresa, kamba ya kuvutia, machepe, mbao za mchangani na mtu aliyesomea huduma ya kwanza. Wanachama wanne wameshajitolea kusoma, na hospitali iliyotukubalia haikudai ada. Chakula, kuku, mboga na kuni tuendelee kununua vijijini kwa bei ya wenyeji. Tabia ya kurushia watoto pipi kutoka dirishani ikome. Watoto wanakimbilia magurudumu, na heshima ya mgeni si hiyo.

Kamati inapendekeza mwaka ujao tuumalize mto: tuanzie mpakani mwa Tunduru tulipoishia, tupite Namtumbo hadi Songea, na mwisho tupande Matogoro kwa miguu, magari yakibaki chini, tuone maji haya yanapoanzia. Kule ni msitu wa hifadhi na kibali kinachukua muda. Wanaotaka kwenda wampe katibu majina, nakala za leseni na hali ya matairi yao kabla minada ya korosho haijaanza, kwa maana baada ya hapo hakuna atakayepokea simu.

Nawashukuru wajumbe wa kamati, madereva, wake na waume zetu waliobaki na nyumba, na vijiji vyote vilivyotupokea kuanzia Msimbati hadi Lumesule.

Naomba kuwasilisha.